Mkono wa Tatu

"Taja jina moja tu," alisema Mama Zenz na kupiga meza kwa kiganja. "Sikuombi matatu. Moja!"

"Mama, siwezi."

"Mdomo unao. Najua, maana nilikuzaa nao, na ulivyokuwa unalia bonde zima linakumbuka."

"Siyo mdomo. Ni baraza. Kinachosemwa mle ndani kinabaki mle ndani."

"Kinabaki mle ndani!" Mama Zenz alimgeukia mkwewe, Ruedi, aliyekuwa amekwisha kuvaa sare yake ya reli na kushika kikombe cha kahawa. "Umemsikia mkeo? Watu watano wanajifungia chumbani, wanatoka na karatasi inayosema kebo yetu ya kupandia mlimani ifungwe mwezi wa kumi, halafu hakuna aliyeifunga. Imejifunga yenyewe, kama mlango kwenye upepo."

Ruedi alikunywa kahawa. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ilimfundisha wakati wa kunywa kahawa.

Priska alikuwa anamenya karoti ambayo ilikuwa imemenywa zamani. "Hatujafunga kitu. Baraza linapendekeza tu. Jumapili mkutano wa kijiji ndio utakaoamua, na wewe mkono unao kama watu wote."

"Na mnapendekeza nini? Gari la jipu la watu wa msitu kila Jumanne na Ijumaa. Wakati wa theluji, tutembee. Mimi, miaka sabini na minane, kwa saa mbili kwenye theluji na mkate mgongoni."

"Au ushuke."

Neno lilimtoka kabla hajaliangalia. Mama Zenz alimtazama, kisha akaendelea kana kwamba hakusikia.

"Huko kwingine wana rais mmoja. Mtu mmoja! Ukikasirika unajua unamkasirikia nani, unajua hata dirisha lake. Hapa unamkasirikia nani? Hata nchi nzima, wale saba wa serikali kule Bern, wanapokezana urais kila mwaka kama watoto na baiskeli. Nani anajua rais wa mwaka huu ni nani?"

"Yule mwenye miwani," alisema Ruedi.

"Wote wana miwani!"

"Basi ni mmoja wao," alisema Ruedi, akachukua kofia yake na kukimbilia treni ambayo ilikuwa bado dakika arobaini.

Mama Zenz alifungua mkoba wake wa mgongoni, akatoa jibini la mbuzi lililofungwa kwa kitambaa safi, akaliweka mbele ya binti yake. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Haya, usitaje. Sheria ni sheria, umelishwa kiapo. Lakini mimi si mjinga. Watatu walitaka kufunga, wawili walikataa, hilo kijiji kizima kinalijua. Wewe na mwalimu Bernadett mlitupigania. Melk na Tresch walitaka kufunga, maana wale hata nyumba ya bibi yao wangeifunga. Kwa hiyo mkono wa tatu ni wa Wisi. Na ni Wisi aliyetia saini ile karatasi. Jumapili nitasimama mbele ya watu wote nimwambie yeye ni nani."

"Mama, usimguse Wisi."

"Unaona ulivyo na moyo mzuri? Kula jibini, mwanangu. Umekonda kwa ajili yetu."

Akampapasa shavu, akachukua fimbo yake, akaondoka kuwahi kisanduku cha kebo cha saa nne.

Ukweli ni huu, na heri usemwe mapema: mkono wa tatu ulikuwa wa Priska.

Aliingia katika baraza miaka mitatu iliyopita kwa kosa ambalo kila mtu wa kijiji cha Riedbach anajua asilifanye, yaani kukosa mkutano wa uchaguzi. Binti yake alikuwa na homa, Priska akabaki nyumbani, na asubuhi yake mwenyekiti Melk Furrer, fundi bomba, akapiga hodi na shada la maua. Kwa kawaida Melk hanunui maua. "Hongera," alisema. "Jana ulichaguliwa." Priska alisema hataki. Melk alisema hakuna aliyewahi kutaka. Yeye mwenyewe alichaguliwa akiwa hospitali, amelazwa kwa mguu. Katika jimbo lile ukichaguliwa lazima uhudumu, labda uwe na miaka sitini na mitano au cheti cha daktari. Priska alikuwa na arobaini na tano na afya ya ng'ombe. Wakampa idara ya afya na wazee, kwa kuwa ni muuguzi anayezunguka majumbani.

Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Watano wanakaa kila Jumatatu, wanabishana hadi sauti zinakauka, wanainua mikono, halafu mlango ukifunguliwa inatoka sauti moja. Aliyeshindwa anatetea uamuzi sawasawa na aliyeshinda. Melk ni mwenyekiti, lakini yeye mwenyewe husema kwamba tofauti yake na wengine ni kengele tu.

Suala la kebo lilikuja mwezi wa tatu. Wakaguzi wa jimbo walipanda Hochegg, kitongoji cha juu anakoishi Mama Zenz, katika kile kisanduku cha watu wanne kinachoning'inia kwenye waya, wakashuka kimya, wakaandika: waya mpya na nguzo mpya, au kufunga kabla ya Novemba. Ilijengwa mwaka sitini na moja na wenyeji wa Hochegg wenyewe, walipokuwa watu thelathini na mmoja. Sasa wako saba. Priska alisikiliza hesabu zote, lakini hazikuwa ndizo zilizoinua mkono wake. Wiki ile ile alikuwa amemwogesha mzee mmoja aliyeanguka kizingitini na kulala hapo kwa muda wa saa kumi na moja, nyonga imevunjika. Alipoinua mkono alimwona mama yake kwenye kile kizingiti. Alitaka ashuke. Kwa miaka sita alikuwa ametafuta namna ya kumwambia ashuke, hakuipata, na sasa baraza lingemwambia kwa niaba yake.

Halafu mlango ukafunguliwa, sauti moja ikatoka, na Priska akagundua kwamba sheria ile ni blanketi zuri sana.

*

Jumamosi alikwenda dukani kwa Wisi Herger. Wisi anatengeneza jibini nyuma na kuliuza mbele, na katika baraza ana barabara na usafiri. Kwa hiyo karatasi ya kebo ilikuwa na saini yake, na kesho yake ndiye angesimama kuielezea, kwa sababu idara ikiwa yako unaelezea, hata kama ulipiga kura kinyume. Na Wisi alikuwa amepiga kinyume. Alibisha kwa saa moja na nusu, yeye na Bernadett, hadi akapiga ngumi kwenye sahani ya biskuti.

Kijijini hakuna ambaye angeamini. Wisi ndiye aliyekataa benchi jipya la kituo cha basi. Alikataa taa za Krismasi, na akakataa hata kukataa kwa adabu. Kukiwa na "hapana" Riedbach, watu hugeuka kumtazama Wisi.

Mlangoni kwake mtu alikuwa ametundika kipande cha waya mzee wenye kutu, umefungwa utepe mweusi kama wa msiba. Priska aliusukuma pembeni akaingia. Duka lilikuwa tupu.

"Umeona pambo langu?" alisema Wisi. "Mama yako ana mikono ya ustadi."

"Siyo yeye."

"Utepe ni wake. Nilimwona nao kwenye mazishi ya baba yako."

Priska naye aliutambua.

"Na maziwa?" aliuliza.

"Tangu wiki mbili zilizopita hakuna tone la mbuzi linaloshuka kutoka Hochegg. Wanampelekea yule wa ng'ambo ya mto, anayetia chumvi kama anafukuza konokono." Wisi alifuta kisu ambacho kilikuwa safi. "Wateja wa huku chini nao wananunua robo, zamani walinunua nusu. Wanasema wamepunguza kula."

"Wisi, nitamwambia."

"Nani?"

"Mama. Nitamwambia mkono ulikuwa wangu."

"Hapana."

Lilikuwa lile "hapana" lake maarufu, lakini alilisema polepole.

"Ukisema wako, watahesabu vidole, watapata wangu. Kesho Tresch naye atasema wake, keshokutwa mimi nitaulizwa nilikataa taa kwa nini. Tukianza kutaja mikono, hatutakuwa baraza tena, tutakuwa mnada wa ng'ombe. Mimi baba yangu alikuwa humo miaka kumi na miwili. Alikufa hajatuambia hata kura moja. Mama alimwuliza kitandani, akamwambia, 'Ilikuwa watatu kwa wawili,' akafa."

"Lakini wewe unapoteza duka."

"Nitapata maziwa ya ng'ombe."

"Unalichukia jibini la ng'ombe."

"Nalichukia sana," alikubali Wisi. Akamkatia kipande cha jibini, akamnyooshea kwa ncha ya kisu, kama alivyofanya Priska alipokuwa mtoto. "Sikiliza, Priska. Mimi nanyamaza, na kunanigharimu, lakini ndiyo kazi. Ningelalamika kama isingekuwa kazi. Wewe nawe unanyamaza, na unapewa jibini la bure. Sheria ni ile ile moja. Sasa usiniulize zaidi, maana sitaki kuingia katika idara yako."

Priska alitoka nje, akasimama mbele ya ule waya. Alitaka kuuvunja vipande, lakini waya wa kebo hauvunjiki kwa mikono, hata ukiwa wa mwaka sitini na moja. Alifungua utepe tu, akautia mfukoni.

*

Jumapili baada ya misa watu mia moja na kumi na nne waliingia ukumbi wa mazoezi wa shule, ule wenye kamba za kupandia zilizosukumwa ukutani na harufu ya soksi isiyotoka. Watano wa baraza walikaa mbele kwenye meza ndefu, Melk katikati na kengele yake. Mama Zenz alikaa mstari wa pili, amevaa kofia ya kanisani, na jirani zake sita wa Hochegg wamejipanga pembeni yake, watatu huku na watatu huku, kama mbwa wa kundi.

Walipitisha hoja za makaburi na mabomba kwa dakika tano. Kisha Wisi akasimama na karatasi tatu.

Alisoma vizuri, na hilo ndilo lilimuuma Priska. Alieleza waya, nguzo na wakaguzi. Akataja lile gari la jipu, Jumanne na Ijumaa. Akaeleza kwamba kijiji cha watu mia nne hakiwezi kubeba kila kitu ambacho babu zetu walibeba. Melk na Tresch, walioamini maneno yale, wasingeyasema vizuri hata nusu ya hivyo. Masikio ya Wisi tu ndiyo yalikuwa mekundu.

Mwisho wa ukurasa wa pili Mama Zenz alisimama. Hakunyoosha mkono kuomba nafasi.

"Wisi Herger," alisema. "Nguzo ya tatu, ile ya korongoni, ilisimamishwa na nani?"

Wisi alitazama karatasi. "Na baba yangu."

"Na baba yako. Sementi aliibeba mgongoni, nami nilimpelekea supu, nikiwa binti wa miaka kumi na mitano. Sasa mwanawe anaikata. Niambie, mkono haukuuma ulipouinua?"

"Baraza limeamua kupendekeza..."

"Sikuuliza baraza! Baraza halina uso, nimeutafuta wiki mbili sijauona. Nakuuliza wewe."

"Mama Zenz," alisema Melk, "hilo haliulizwi."

"Wewe kaa na kengele yako." Watu walicheka. Mama Zenz aliugeukia ukumbi. "Mnamwona? Amenyamaza. Mwanaume mzima amejificha nyuma ya wenzake wanne. Mimi nasema, ikiwa hana ujasiri wa kusema alichofanya, asinunue maziwa yetu, asile mkate wetu, na tukionana njiani asinisalimie. Na namshukuru Mungu kwamba kati ya hao watano yupo mmoja aliyetoka tumboni mwangu, ambaye ametupigania na hawezi hata kujisifu!"

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi, na wengine wakafuata. Nyuso zote zilimgeukia Priska, zimejaa upendo, mpaka za watu ambao aliwachoma sindano juzi.

Wisi hakumtazama. Alilainisha ukurasa wa tatu kwa kiganja, akisubiri makofi yaishe aendelee na kazi.

Priska alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na hakuna aliyekiokota.

"Mama," alisema. "Acha kumshukuru Mungu. Mkono wangu uliinuka kufunga."

Melk alipiga kengele.

"Nasema wa kwangu tu," alisema Priska kwa haraka. "Wa wengine sisemi, na mkihesabu vidole shauri yenu."

Melk aliendelea kupiga kengele, na ukumbi mzima ulikuwa unahesabu vidole. Mzee mmoja wa Hochegg alihesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Kisha kichwa kimoja kikamgeukia Wisi, kikafuata cha pili, na mwishowe vyote.

"Wisi," aliuliza mtu, "basi wewe...?"

"Mimi niko ukurasa wa tatu," alisema Wisi. "Mkinyamaza nitausoma."

Mama Zenz alikuwa bado amesimama. Kofia ilikuwa imemwinamia kidogo upande.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakupaza sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile Priska alimwogopa.

"Kwa sababu nilitaka ushuke ukae na mimi. Nimeona vizingiti vingi, mama. Najua mtu akianguka analala pale mpaka lini. Sikufikiria nguzo wala waya. Nilifikiria nyonga yako. Nilitakiwa kupanda nikuulize, nikaogopa utasema hapana, nikakuamulia kwa kura. Halafu nikamwacha mwingine atukanwe, nami nikala jibini."

Melk alisogeza kichwa akanong'ona, ingawa kwa ukimya ule alisikika hadi kwenye kamba za kupandia. "Priska, unajua hili ni kosa. Baraza litakuandikia barua ya onyo."

"Andikeni."

"Tutaisaini wote watano."

"Na mimi?"

"Na wewe. Baraza ni baraza."

Hapo ukumbi ukacheka kwa nguvu, kicheko cha watu waliokuwa wamezuia pumzi. Mama Zenz peke yake hakucheka. Alirekebisha kofia, akasubiri kama Wisi alivyosubiri makofi, kisha akanyoosha mkono juu, sawasawa, kama mtu aliyefundwa.

"Nina hoja, mwenyekiti."

"Sema, Mama Zenz."

"Hawa watano walikaa huku chini wakaamua mambo ya kule juu. Mmoja aliiamulia nyonga yangu bila kuiuliza nyonga. Hoja yangu: pendekezo lirudishwe. Baraza lipande Hochegg, likae mezani kwangu, lituulize sisi saba mmoja mmoja tunataka kuishi wapi na vipi. Likimaliza, lipige kura upya. Na mimi naahidi nitasema ukweli. Kuna mambo ya huko kushuka ambayo hata mimi nimeyawaza, lakini siyasemi hapa. Kule kuna ngazi nimeanza kuichukia." Alikohoa. "Wapande leo."

"Leo?" alisema Melk.

"Kebo inafanya kazi. Hamjaifunga bado."

"Leo ni Jumapili, mama, mke wangu amepika..."

"Na mimi nimepika. Supu ya shayiri. Mwite na mkeo, lakini ale akiwa amesimama."

Melk alitazama kushoto, akatazama kulia. Tresch aliinua mabega. Bernadett alikuwa tayari anavaa koti. Ikapigwa kura kwa mikono: themanini na tisa walitaka pendekezo lirudishwe na baraza lipande leo leo, kumi na wanane walikataa, saba hawakuinua mkono popote, kama kawaida yao. Melk aligonga kengele na kutangaza kwamba imekuwa hivyo.

Mlangoni Mama Zenz alimzuia Wisi kwa fimbo.

"Kesho alfajiri maziwa yatakuwa kwenye kisanduku cha kwanza. Ya nyumba zote nne."

"Sijasema nilipiga wapi," alisema Wisi.

"Na mimi sijauliza. Nimesema maziwa." Alisogeza fimbo. "Ule waya mlangoni kwako, umeshauondoa?"

"Bado. Utepe umepotea, lakini waya nimeshauzoea."

"Uache. Ni wa nguzo ya tatu. Utundike vizuri ndani, juu ya mizani."

Priska aliingiza mkono mfukoni, akausikia ule utepe mweusi, akauacha pale pale.

Walikwenda wote kwa miguu hadi kituoni, dakika sita, kijiji kizima nyuma yao kwa sababu hakukuwa na sinema nyingine Jumapili ile. Kisanduku kilikuwa kinangoja, rangi nyekundu imebanduka, na kibao ndani: watu wanne au kilo mia tatu na ishirini. Baraza lilisimama mbele ya mlango na kukitazama kile kibao kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kusomwa.

"Tuko watano," alisema Tresch.

"Pigeni kura," alipendekeza mtu kwenye umati.

"Hakuna kura," alisema Mama Zenz. "Nyinyi wanne, ingieni. Melk, kaa katikati, wewe ndiye mzito, na usipige kengele njiani, mbuzi wangu watadhani wanaitwa. Huyu wangu atapanda na mimi."

Wanne wakajipanga ndani kama soseji kwenye pakiti. Wisi alifunga mlango kwa ndani, kisanduku kikatikisika, kikapanda juu ya paa la shule, juu ya miti, na Bernadett akaonekana anapungia mkono na Tresch amefumba macho. Baada ya dakika nane kile kingine, pacha wake wa upande wa pili wa waya, kikashuka kitupu kutoka juu, kikagonga mpira wa kituo, kikatulia.

Mama na binti walikuwa wamebaki kituoni. Watu walikuwa wamesogea nyuma kidogo kwa adabu, lakini si mbali kiasi cha kutosikia.

Mama Zenz aliingia kwanza, akakaa upande wa bondeni, anakokaa siku zote. Akapiga kiganja ubao uliokuwa mkabala naye. Priska alikaa. Magoti yao yaligusana. Ndani ya kisanduku kile hakuna namna nyingine ya kukaa.

Priska alitoa utepe mfukoni, akauweka kwenye mapaja ya mama yake. Mama Zenz aliuviringa kidoleni, akautia ndani ya mkoba.

"Ni dakika nane," alisema kisha. "Hakuna baraza humu, hakuna kengele, na mlango haufunguki njiani. Utaniuliza lile ulilotaka kuniuliza miaka sita, na mimi nitakujibu."

"Na ukisema hapana?"

"Basi utakuwa umelisikia kwangu, siyo kwenye karatasi."

Akavuta mlango, akashusha komeo, akabonyeza kitufe cha kijani. Kisanduku kikaachia kituo.

"Mama," alianza Priska.